Balozi Aliyejiandikia Watoto Watano

Mpendwa Mshauri,

Nisaidie kabla sijaunguza ugali wa tatu. Mimi ni balozi wa nyumba kumi katika kijiji kimoja cha ujamaa huku Manyoni, nina mke mmoja, mama Hana, na watoto watatu, na sijawahi kutafuta mwingine nje, naomba uliamini hilo kwanza ndipo uendelee kusoma. Mwezi wa kwanza walihamishiwa hapa wafanyakazi wa reli kutoka Itigi, wakapewa vibanda kando ya njia ya treni, nje ya mpaka wa kijiji, na walihamishwa haraka hata barua za uhamisho za watoto hawakuchukua, sasa mwalimu mkuu akasema mtoto asiye na barua hiyo, wala barua ya balozi kwamba anakaa kijijini, hapokelewi, na kila asubuhi nawaona watoto watano wamekaa juu ya mataruma ya reli wakiwatazama wenzao wanakwenda shule, roho ikaniuma, na baba wa mmoja wao, Antipasi, alipokuja kunilalamikia nikaandika kwamba wote watano wanakaa nyumbani kwangu, nikagonga muhuri. Mwalimu akawaandika kwa jina langu. Nami nikawafundisha wakiulizwa waseme baba ni mimi.

Watoto wale ni watiifu mno. Wakinikuta njiani wananiamkia "Shikamoo baba", na mama Hana alidhani ni adabu tu, mpaka ulipofika mkutano wa wazazi wa kujenga darasa jipya, matofali hamsini kwa kila mtoto, katibu akasoma kwa sauti: "Balozi, watoto wanane." Mama Hana akauliza taratibu, "Wanane wa nani?" Nikanyamaza, nikiogopa wale watano watafukuzwa, na kwa bahati mbaya mtoto wa Antipasi ana mwanya kama wangu. Kesho yake mke wangu akaenda kwa kaka yake Kilimatinde, akaniachia watoto, akabeba sufuria kubwa. Nimempelekea barua ya kuthibitisha kwamba wale si wangu, nimeigonga muhuri, akairudisha ameandika nyuma: "Muhuri uleule?"

Nikisema kweli watoto watatolewa shule. Nikinyamaza sina mke. Nifanyeje? Usitoe jina langu.

Balozi, Manyoni

JIBU

Balozi, jina lako nimelificha, ingawa baba wa watoto wanane asiye na sufuria atajulikana Manyoni nzima.

Nimecheka, kisha nimekukasirikia. Huruma yako ni nzuri na ningependa mabalozi wengi wawe nayo. Lakini ulipewa muhuri uthibitishe unachokijua, wewe ukathibitisha unachokitamani, ukawafundisha na watoto wa watu kusema uongo wakiwa bado hawajajua kusoma vizuri. Hapo umekosea, tena sana.

Sasa sikia. Kesho asubuhi nenda kwa mwalimu mkuu pamoja na Antipasi na wenzake, ueleze ulichofanya kabla hajaelezwa na mwingine. Mwalimu hana faida ya kumfukuza mtoto aliyekwishazoea dawati, anachotaka ni karatasi ya kweli. Wazazi wamwandikie mwalimu wa Itigi kuomba barua za uhamisho, na mkuu wa stesheni aandike kwamba watu hawa wamehamishwa kikazi na wanaishi hapo relini. Treni inapita Itigi, barua haziwezi kupotea njia. Daftari lirekebishwe, kila mtoto arudi kwa baba yake. Na kama umekwishafyatua matofali ya wale watano, usiyadai, hiyo ndiyo faini yako.

Kuhusu mama Hana, hakukimbia kwa sababu ya watoto. Alikuuliza swali mbele ya kijiji kizima, ukamwacha amesimama peke yake na aibu isiyo yake. Basi nenda Kilimatinde na Antipasi na mkewe na yule mtoto wao mwenye mwanya, ukae mbele ya shemeji yako na wote walio pale, umjibu kwa mdomo wako: wanane wa nani. Muhuri uache nyumbani.

Na wakati wa kurudi, sufuria ubebe wewe.