Vidonge Viwili Vyangu, Viwili Vyake

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa sina raha hata chembe, naomba unijibu kabla ya Alhamisi ijayo, maana Alhamisi saa tatu asubuhi nina miadi na daktari wangu na sijui nitaingia mle ndani na uso gani.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, kazi yangu ni kupiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, shuka, foronya na vitambaa vya meza kutwa nzima, na miaka mitatu iliyopita nilianza kuchoka uchovu ambao si wa kazi, nikawa nashiba kabla sijala, tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu likawa gumu kama nimemeza mche wa sabuni, wenzangu wakanitania kwamba nina mimba ya uzeeni na mimi nikacheka nao, mpaka damu ilipopimwa nikaambiwa nina saratani ya damu, ile aina inayokwenda polepole, na kabla sijamaliza kulia yule daktari akaniambia, "Mama, usilie kilio cha zamani. Hii siku hizi ina vidonge."

Na kweli vipo, Bibi. Vinne kila siku baada ya chakula. Navipata bure kila mwezi kwa kuwa niliandikishwa kwenye mpango wa msaada, sikunyonyoka nywele, sikulazwa, tumbo likalainika nikarudi kwenye pasi yangu, na sharti ni moja tu, kila mwezi nirudishe pakiti tupu mfamasia azihesabu dirishani.

Sasa kwenye benchi la kliniki nikapata shoga. Yeye ni msusi, ana mdomo mchangamfu, na ana ugonjwa huu huu, daktari wake ana hakika karibu yote, ila ili aandikishwe kwenye mpango lazima kipatikane kipimo kingine kinachoonyesha alama ya ugonjwa ndani ya seli zenyewe, na hicho kwetu hakifanyiki, sampuli inasafirishwa mbali, ya kwanza ikarudi na jibu kwamba haikusomeka, ya pili ikachelewa njiani ikaharibika kwa joto, na yeye muda wote huo amepewa vidonge vya zamani vya kushikilia tu, tumbo linakua, anakaa kwenye benchi ameegemea nyuma kama mja mzito, na siku moja akanitazama nikiitwa akasema, "Shoga, wewe unaitwa dirishani, mimi naitwa wiki ijayo." Alisema kwa utani lakini machozi yalikuwa yanamlengalenga. Bibi, nilitoka dirishani nikamvuta hadi chooni nikamgawia nusu.

Tangu siku hiyo ni miezi mitano, mimi nameza viwili na yeye viwili, pakiti tupu ananirudishia ndani ya mfuko wa nywele za bandia, mfamasia anahesabu, zinatimia, na kwa kuwa zinatimia kila mara wamenifanya mgonjwa wa mfano, kila mwezi wananisimamisha mbele ya wagonjwa wapya niwaambie umuhimu wa dawa, nasimama pale nasema jamani usikose hata siku moja, na shoga yangu amekaa safu ya nyuma ananitazama.

Yeye amepata nafuu ya wazi, amerudi saluni, na mwezi jana seli zake nyeupe zimeshuka sana mpaka daktari wake akafurahi, akasema vile vidonge vya kushikilia vinamfaa kuliko alivyotarajia, kwa hiyo sampuli ya tatu inaweza kusubiri, wapelekewe kwanza walio hoi zaidi, tukakumbatiana kwenye korido tukacheka kama watu walioshinda bahati nasibu. Kitu pekee ni kwamba ana madoa ya kuvilia damu kwenye mikono na fizi zinamtoka damu akipiga mswaki, anasema ni kubanana na viti vya saluni.

Ila mimi, Bibi, majibu yangu ya juzi yamekuja mabaya. Ugonjwa umepanda. Daktari amekunja uso akasema inaonekana dawa yangu imeanza kushindwa, Alhamisi tutazungumza kuhusu kunihamishia nyingine yenye nguvu zaidi, nafasi zake ni chache na kuna watu wanaisubiri, akaniuliza, "Unameza vyote?" nikasema, "Vyote, daktari." Nilipomweleza shoga yangu kwamba nafikiria kusema ukweli alinishika mkono akasema, "Ukisema umeniua." Nikisema namuua yeye, nikinyamaza naiba nafasi ya mtu ambaye dawa yake kweli imeshindwa, na mimi mwenyewe nina watoto wawili na naogopa kufa. Nifanye nini?

Mimi,
Mpiga Pasi

BIBI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimewaambia wenye gazeti barua za mahaba zikae pembeni wiki hii, waume watoro hawaendi popote, yako itangulie.

Mimi barua nasomewa, sikukaa darasani hata siku moja, na yako nimesomewa mara mbili. Mara ya pili nilimwambia anayenisomea, "Hebu rudi pale walipocheka kwenye korido." Akarudi. Nikamwambia arudie tena. Mwanangu, pale mlipocheka ndipo nilipotaka kulia.

Hebu nikuulize. Sampuli ya tatu imesimamishwa kwa nini? Kwa sababu shoga yako ameonekana mzima kuliko alivyo. Na ameonekana mzima kwa nini? Kwa sababu ya vidonge vyako viwili ambavyo daktari wake havijui. Basi nani amemwondoa kwenye foleni? Si maabara. Si joto la njiani. Ni wewe, kwa mkono wako wa huruma, pale chooni. Ulikuwa unampa dawa na papo hapo unamfungia mlango wa kupata dawa. Hukujua, najua hukujua. Ndiyo maana nakwambia leo.

Nilichukua barua yako nikaenda kwa jirani yangu, nesi mstaafu aliyekaa wodi ya wagonjwa wa damu miaka mingi kuliko umri wa watoto wako. Sikumtajia mtu. Nikamuuliza, "Sista, mtu wa ugonjwa huu akimeza nusu kwa miezi mitano?"

Akasema, "Bibi, ugonjwa unazinduka. Na ukizinduka ukiwa umezoea dawa kidogo kidogo, unaweza kuja kuikataa hata iliyo kamili."

"Na huyo mwingine, anameza vya kushikilia, na juu yake nusu ya mwenzake?"

Hapo akaweka kikombe chini. "Nani anampima?"

"Wanampima kwa kimoja. Cha pili hawakijui."

"Ana madoa? Anatoka damu?"

Nikamwambia fizi. Nikamwambia mikono. Akasimama, mwanangu, mwanamke mwenye goti bovu akasimama. Akasema dawa mbili zimekutana ndani ya mwili mmoja, zote mbili zinapunguza damu, na daktari ameiona moja tu, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba zile chembe za kugandisha damu zimekwisha kiasi cha kutisha. "Au ni ugonjwa wenyewe umegeuka," akasema. "Kwa vyovyote huyo hasubiri Alhamisi."

Viti vya saluni! Kiti cha saluni kinang'ata fizi?

Sasa nikukaripie kidogo, nina haki hiyo. Nani alikupa udaktari? Wewe shuka hulipigi pasi kabla hujasoma kitambaa, pamba joto lake, hariri joto lake, sembuse damu ya mtu. Moyo wako ni mzuri, tena mzuri sana, watu wa kukata chao nusu wamebaki wachache, ila kichwa ulikiacha chooni pamoja na karatasi za vidonge. Na kusimama mbele ya wagonjwa wapya uwaambie wasikose! Aibu hiyo imekutafuna vya kutosha, mimi sitaongeza.

Na shoga yako mwambie nimemsikia. "Ukisema umeniua." Hapana, binti yangu msusi. Unaogopa, na ukiogopa unashika kilicho karibu, na kilicho karibu ni mkono wa mwenzio. Simlaumu. Mimi mwanangu wa tatu aliondoka na ugonjwa wenye tumbo gumu vivyo hivyo, enzi ambazo daktari alikuwa anakutazama tu, hana cha kukupa zaidi ya pole. Angeniambia mtu kuna kidonge mahali fulani duniani ningekwenda kwa magoti. Leo kidonge kipo. Watu wanaishi nacho, wanalea, wanazeeka, wanagombana na wakwe. Kinachoniuma ni kwamba kipo na bado mtu anakaa benchi moja na mwenye nacho akiambiwa wiki ijayo, kwa sababu kichupa cha damu kilisahaulika juani. Hiyo ni kazi ya wakubwa kuirekebisha, na nimeisema humu ili waisome. Lakini nyinyi wawili hamwezi kuitibu kwa kugawana chooni. Mmegawana dawa moja na sasa wagonjwa ni wawili wanaozidiwa.

Sikiliza utakavyofanya.

Leo hii, siyo kesho, unakwenda saluni. Humpigii simu, maana kwenye simu atakuzungusha. Unamshika mkono unampeleka hospitali yenu, pale pa dharura kama kliniki imefungwa, na mnasema maneno haya bila kupamba: "Huyu ana saratani ya damu, anameza vya kushikilia, na kwa miezi mitano anameza pia dawa yangu viwili kwa siku, ana madoa na anatoka damu." Bebeni vidonge vyote, vyake na vyako, na ule mfuko wa nywele. Vilivyobaki msivimeze wala kuviacha kwa kubahatisha, waulizeni wao.

Na wewe usisubiri Alhamisi kujieleza. Omba daktari wako aitwe, mwambie, "Nilisema vyote, nilidanganya." Huenda dawa yako haijashindwa, haijapewa nafasi tu. Huenda pia imeshindwa kweli, mimi sijui, vipimo vitasema, ila sasa vitasema kuhusu ukweli. Na yule mgonjwa usiyemjua anayesubiri ile nafasi, umfikirie ana benchi lake na yeye.

Watakufuta kwenye mpango? Siwezi kukuahidi kwamba hawatakufuta. Watakukaripia, hilo nakuahidi, mfamasia atakuwa mkali kwa sababu ulimfanya ahesabu uongo. Inamisha kichwa akaripie amalize. Kisha uombe, kwa adabu na bila kuondoka pale, mambo mawili: wewe urudishiwe dozi yako kamili kama daktari ataona inafaa, na sampuli ya tatu ya shoga yako ichukuliwe mara moja na maelezo ya kweli yaandikwe juu yake. Wakikuambia njoo wiki ijayo, muulizie afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Akiwa hayupo, kaa. Wapiga pasi mnajua kusimama kutwa.

Dawa ya shoga yako itapatikana lini, sijui. Sitakudanganya ili ulale vizuri. Lakini akipimwa kwa damu ya kweli anarudi kwenye foleni, na aliye kwenye foleni anaweza kuitwa. Aliyefichwa chooni haitwi na mtu.

Na siku watakayokusimamisha tena mbele ya wageni, kama watakusimamisha, waambie hii yote. Waambie ulikata nusu kwa mapenzi na ilikuwa hivi. Hapo ndipo utakuwa mgonjwa wa mfano.

Sasa kunja gazeti, zima pasi, vaa viatu. Saluni bado haijafungwa.

Bibi yenu