Chati Mpya ya Kitanda Namba Nne

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kokuberwa Revelian
Umri: Miaka 36
Kazi: Muuguzi msajiliwa
Makazi: Segerea, Dar es Salaam
Tarehe: 12/03/2025, saa 5:20 asubuhi

Nafanya kazi wodi ya wanawake katika kituo cha afya cha binafsi, Sinza, mwaka wa nne sasa. Kiongozi wa wodi yetu ni Sista Margareta.

Mnamo tarehe 08/03/2025, saa 9:00 alasiri, nilimpokea Bi. Khulud Azan, miaka 41, mwenye duka la vitambaa. Alikuwa na jipu mguuni na homa. Aliniambia, "Penisilini siiwezi, mdogo wangu, hunifunga koo." Niliandika juu ya chati yake ya dawa kwa wino mwekundu, herufi kubwa: MZIO WA PENISILINI. Alilazwa kitanda namba nne na kuanzishiwa dawa nyingine.

Tarehe 11/03/2025 asubuhi chati ile ilikuwa imejaa, Sista akafungua mpya. Kwa utaratibu wetu muuguzi mmoja ananakili, wa pili analinganisha mstari kwa mstari, halafu wote wawili wanasaini.

Saa 4:00 asubuhi muuguzi mwenzangu, Clara, alimchoma Bi. Khulud ampisilini, ambayo ni jamii hiyo hiyo ya penisilini. Iliandikwa na Dkt. Allen, kwa sababu dawa ya awali ilikuwa imeisha stoo, naye aliangalia chati mpya. Chati mpya haikuwa na maneno yangu mekundu. Najua Clara alipaswa kumuuliza mgonjwa kwanza, hilo atalijibu mwenyewe. Baada ya dakika chache mgonjwa alivimba uso, akashindwa kupumua. Tulihangaika naye sote. Saa 4:35 alifariki. Mumewe, Bw. Thuwaini, alirudi na chupa ya uji akaniuliza, "Amelala?" Nikampokea ile chupa.

Saa 5:15 nilifungua faili kutafuta chati ya zamani. Chati iliyojaa haitupwi, inabanwa nyuma ya mpya. Haikuwepo. Nikamuuliza Sista iko wapi. Akasema, "Ipi tena? Mie naijua hiyo hapo." Hakunitazama. Alikuwa na pochi begani, humo humo wodini, wakati yeye ndiye anayetukatazaga pochi wodini. Nikajua hapa kuna namna. Lakini sikuona kilichomo ndani, kwa hiyo sisemi kwamba aliibeba.

Saa 7:30 mchana aliniletea chipsi kuku. Miaka minne hajawahi kuninunulia hata maji. Akasema, "Koku, sie ni familia. Clara bado binti, ataanza upya. Wewe una watoto." Chipsi sikuzila.

Jioni Sista aliwaambia askari mbele yetu kwamba Clara alichoma bila kufuata chati. Huo ni uongo, na umenikasirisha mno. Clara aliifuata chati. Chati ndiyo iliyokuwa pungufu.

Afisa amenionyesha chati mpya na kuniuliza saini ya pili ni ya nani.

Ni yangu.

Tarehe 11/03/2025, saa 2:10 asubuhi, nikiwa nasafisha kidonda cha mgonjwa mwingine, Sista aliniletea karatasi tupu. Alisema, "Saini hapo chini, nisije kukusumbua tena. Nitanakili mwenyewe." Nikavua glovu moja, nikasaini. Ndivyo tulivyozoea. Kumwambia kiongozi wako asubiri ulinganishe kazi yake kunaonekana kiburi. Tangu jana namshuku yeye, na bado namshuku. Ila mgonjwa aliniambia mimi, na Clara alipoona saini yangu aliamini nimelinganisha. Yuko mahabusu yenu kwa kuniamini.

Niliyonayo ni hayo, nami nayathibitisha kuwa ya kweli.

Saini ya shahidi: K. Revelian

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mimi, D/Sajini Jabiri. Shahidi hakutaka kusomewa, ameyasoma mwenyewe kwa dakika ishirini na tano. Kabla ya kusaini aliomba mistari mitatu iliyobaki wazi juu ya saini yake ikatwe kwa kalamu. Imekatwa.