Televisheni Uliyoilaza Ubavu, Baba

Mwaka umetimia leo, Baba Yasuhide Kuramochi, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya baridi hapa Amagasaki, chai yako ya shayiri ikiwa bado mezani.

Wengi walikujua kwa kazi moja. Wewe ndiye uliyeuleta majumbani mchezo wa video wa Kengewa Mwekundu, ule wa ndege inayopanda angani ikitungua madege ya adui, ambao watu waliucheza kwenye ukumbi wa mashine za michezo karibu na stesheni. Kule mashine ilikuwa na skrini ndefu kama mlango, lakini televisheni za nyumbani zilikuwa pana. Wakubwa wako kazini wakakwambia uiminye picha ienee. Ukagoma. "Ndege inapanda, halafu mnaikata anga?" Pamoja na upole wako wote, kwa hilo ulikuwa king'ang'anizi, mpaka wakakuruhusu uweke njia ya kuigeuza picha, ili anayetaka ailaze televisheni yake ubavu.

Wa kwanza kuilaza ulikuwa wewe. Ilikuwa ile ya zamani yenye kisogo kizito, na rangi zikavurugika, msomaji wa habari akawa na shingo ya kijani.

"Baba Minori, sasa habari nitazitazamaje?" Mama akauliza, mikono kiunoni.

"Lala ubavu, Mama Minori."

"Nilale chini kama gunia la mchele?"

"Paja si hili hapa?"

Akalala, kichwa pajani mwako, huku akinung'unika. Alinung'unika hivyo miaka ishirini na minane. Hata tuliponunua televisheni bapa, uliichongea kigingi cha mbao isimame kwa ubavu. Kila jioni ulicheza mara moja, ndege yako ikatunguliwa, ukampisha Mama na habari zake.

Wanunuzi walikuandikia kadi. Uliyoipenda kuliko zote ni ya mama mmoja wa mji wa Wakayama: "Mume wangu amelaza televisheni. Nifanyeje?" Ofisi ilikuwa na barua yake rasmi ya kuomba radhi. Wewe ukamjibu kwa mkono wako: "Samahani sana. Mke wangu pia amekasirika. Mwombe paja." Majira ya baridi akatuletea sanduku la machungwa. Mama aliyamenya akiwa amelala vilevile, akikupitishia kipande kimoja kimoja bila kugeuza kichwa.

Siku ya mazishi, mkweo Shigeki, mume wa Minori, aliirudisha televisheni sawasawa ili wageni wasishangae. Alifanya kwa wema, na sote tulimshukuru. Tangu hapo Mama hakuitazama tena. Alikula jikoni peke yake, akakonda, maneno yakampungua, tukaogopa kwamba naye anatuponyoka. Tukamnunulia kiti kizuri cha kuegemea. Hakukikalia hata siku moja.

Juzi Shigeki alikuja kusafisha chumba kwa ajili ya sala ya leo. Mama akamwita.

"Shigeki mwanangu, nikikuomba kitu hutanicheka?"

"Sema tu, Mama."

"Kilaze hicho kidude."

Masikio yakamwiva Shigeki. "Mwaka mzima, Mama! Mbona hukuniambia?"

"Watu wote walikuwa wameshakusifu. Ningeanzia wapi?"

Kigingi chako tulikikuta kabatini. Saa ya habari ilipofika Mama akajilaza sakafuni, na Minori akamsogezea paja. Akalijaribu, akajigeuzageuza. "La baba yenu lilikuwa na nyama zaidi," akasema. Akacheka, kisha akalia sana, nasi tukalia naye, mpaka akatukemea tunyamaze asikie hali ya hewa.

Unakumbukwa na mkeo Fusae, binti yako Minori, mimi mwanao Kosuke na mkweo Shigeki. Leo jioni, sala ikiisha, tutalala ubavu sote. Humu ndani hutasahauliwa kamwe, Baba.