Jina Lililokuwa Juu ya Ukurasa

Kolwezi, Manika

Tata yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama. Ule mgongo je, bado unakusumbua ukiinama shambani, au sasa unakubali kupumzika? Mimi ni mzima. Kila asubuhi napanda pikipiki ya taxi-moto hadi njia ya mgodi wa Mashamba, kwenye ghala ninapogawa buti na kofia za wachimbaji, na jioni narudi na vumbi hadi masikioni.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini wewe ulikuwa mwalimu, unaamini karatasi, na neno hili nataka ulisome kwa macho yako: Yumba hakushindwa. Nilikosea mimi.

Unajua simu yangu ni ya nyumba nzima. Akaunti ya Mama, ya Shangazi, ya mdogo wangu Yumba, zote nilizifungua mimi. Ndani ya simu kuna programu inayotunza maneno ya siri. Ukifika kwenye tovuti inakujazia jina na neno la siri yenyewe. Ni kama ule msumari wa mlangoni kwetu, funguo za kila mtu zinaning'inia pamoja. Kwenye tovuti ya chuo cha wauguzi zilikuwepo akaunti mbili: ya Yumba, na yangu ya zamani, nilipotaka kusomea labo, kupima damu, nikaacha. Siku ya kutuma maombi yake nilibonyeza haraka, programu ikatoa yangu. Diploma ya Yumba ya sekondari, alama zake, picha yake, vyote vikaingia chini ya jina langu. Akaunti yake ikabaki tupu.

Kosa hilo ningejisamehe. Linaloninyima raha ni lingine. Siku ileile alinipigia mimi kaka yake, kuuliza kama jina lililo juu ya ukurasa ni lake: “Yaya, umeangalia kama njo jina yangu iko pale yulu?” Nikamtuliza: “Iko bien, mudogo, usisumbuke.” Sikuwa nimeangalia. Nilikuwa nimechoka, nikaona ananisumbua tu.

Orodha ikatoka bila yeye. Ulisema alicheza badala ya kusoma, na mimi sikumtetea, maana niliamini hivyo pia. Kisha juma lililopita chuo kikaniandikia kwamba picha iliyo kwenye maombi yangu hailingani na jina la mwombaji. Nikafungua ukurasa: juu jina langu, chini uso wa Yumba ananitazama.

Kesho yake nilikwenda chuoni. Mama wa ofisini alinitazama, akatazama ile picha, akacheka, akiniita Tata kama waitwavyo wanaume wote hapa: “Tata, weye njo huyu mwanamuke?” Nilimweleza yote, bila kujitetea. Alipomaliza kucheka alihamisha karatasi zote kwenye akaunti ya Yumba, akasema ataitwa kwenye mahojiano na kundi la pili. Kama watamchukua, bado sijui.

Simu nayo nimeitengeneza upya. Kila akaunti nimeiandikia mwenyewe ni nani, na nimeizuia isijaze kitu kabla sijachagua. Nimewaandikia hata walioiunda ile programu. Wao wanafikiri simu moja ni mtu mmoja. Kwetu simu moja ni ukoo. Sijui kama watajibu. Hata wakiirekebisha vizuri kuliko mimi, haitajibu swali la mdogo wangu kwa niaba yangu.

Tata, naomba jambo moja. Usimwite ukamwambia kwa kifupi. Mpe barua hii aisome kwa sauti mbele yako na mbele ya Mama, kwa sababu mbele yenu ndipo alipoona haya. Tena madaftari aliyompa binti wa jirani, mwombeni ayarudishe, atayahitaji. Papa Rashidi, dereva wa lori aliyewaletea barua hii, amekubali kuja na Yumba huku kwa mahojiano.

Msalimieni Shangazi Kabange anayetuombea kila misa, na Baba Mdogo Kasongo, fundi wetu wa baiskeli.

Yumba, ukifika hapa katika kusoma: leo asubuhi nimefungua ukurasa wako. Jina lililo juu ni lako. Safari hii nimeangalia.

Ni mimi, mwana wako wewe Tata, na yaya wako wewe Yumba,
Kyungu