Pensheni Yangu Haina Msimamizi

Chumba Na. 14, Ghorofa ya Tatu,
Jengo la nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Sindano,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa humu ndani. Hujambo? Macho yanaendeleaje, bado yanatoa machozi ukishona nguo nyeusi? Na cherehani limepata mkanda mpya, au bado unalifunga kwa kamba? Mama je? Niambie ukweli, si yale ya "hajambo, hajambo" ya kwenye simu. Anakula vizuri? Bado anamfukuza yule dada anayemhudumia kisha anamwita arudi?

Sisi huku tu wazima. Mapacha wa binti yangu wametimiza miaka mitatu, na nyumba haina tena kitu kizima kilicho chini ya kimo cha kiuno. Goti langu linauma ngazi zikiwa nyingi, na hapa ngazi ni nyingi kila siku. Lakini nala, nalala, na nacheka.

Nakuandikia kwa kalamu kwa makusudi. Nikipiga simu mnaweka spika, na hapo kila mtu ana la kusema isipokuwa yule niliyempigia. Haya ni yako peke yako. Ukimaliza kusoma, utaamua mwenyewe nani mwingine asome.

Bahasha ya Kaka Mkubwa imenifikia. Ndani nimekuta hati ya kumpa yeye mamlaka juu ya akaunti yangu ya pensheni, na karatasi ya kikao cha familia kilichoamua kwamba nisaini. Chini kuna saini tano. Ya nne ni yako. Naujua ule mkia wa herufi yako ya mwisho, unaning'inia kama uzi uliosahauliwa kukatwa.

Jibu langu ni hapana. Sisaini leo, kesho wala mtondogoo. Sasa nikueleze kwa nini, maana nina hakika ulisaini kabla hujaambiwa yote.

Unakumbuka nilipoondoka nilisema naja kumsaidia binti yangu kwa miezi sita tu. Laini yangu ya simu ya huko niliitia mkobani, nikaisahau. Miezi sita ikawa miaka mitatu. Pensheni haikunisumbua, kila mwisho wa mwezi ofisi ya wastaafu iliiingiza benki moja kwa moja, nami nikiwa huku huku nilimtumia mwenye duka la dawa za Mama na yule dada wa kumhudumia. Mwezi wa pili mwaka huu programu ya benki ikagoma. Ikaniambia imenitumia namba ya siri kwenye simu yangu. Simu gani? Ile laini ya mkobani.

Nikaichomeka kwenye simu ya binti yangu. Imekufa. Basi nikaipigia namba yangu mwenyewe, na mwanamume akapokea.

"Haloo, karakana hapa."

"Samahani kaka, hii ni namba yangu."

"Haiwezekani, mama. Nimeinunua dukani mwaka jana." Kisha kelele za chuma zikakoma. "Ngoja kwanza. Wewe ndiye yule mama wa benki?"

Kumbe laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu inaichukua na kumuuzia mwingine. Yangu ilimwangukia fundi wa kuchomelea mageti. Mwaka mzima mtu huyu alikuwa anajulishwa pensheni yangu ikiingia, kabla yangu mimi. Benki nayo ilikuwa imeandika mara nne kwamba nihakiki taarifa zangu, la sivyo akaunti itafungwa. Yeye akafuta.

"Nilijua ni matapeli, mama. Unisamehe."

Ningemlaumu kwa lipi? Hata mimi ningefuta.

Nikaipigia benki. Mara ya kwanza nilisikilizishwa muziki mpaka salio likaisha. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu nikampata binti wa huduma kwa wateja, mwenye sauti nzuri na moyo wa jiwe. Akasema pesa itaendelea kuingia, ila haitatoka mpaka mteja afike tawini mwenyewe na kitambulisho.

Nikamwambia, "Mwanangu, pesa inaingia bila kuniuliza niko wapi. Kwa nini kutoka ndiyo iniulize?"

"Ni mfumo, mama."

Nauli ya kuja huko na kurudi ingemeza pensheni ya nusu mwaka. Nikaomba njia nyingine. Nikatumiwa fomu. Nikaijaza, nikaipeleka kwa wakili, akaigonga mhuri, nikaituma kwa gharama ya kuumiza. Baada ya wiki tano ikarudi na mstari mmoja umeandikwa kwa kalamu nyekundu: saini hailingani na kumbukumbu zetu.

Wakati huo wote Mama alihitaji dawa. Nisikilize vizuri hapa. Binti yangu analea watoto wawili kwa mshahara mmoja, sikutaka kumwongezea mzigo. Nikateremka mtaani, nikaingia kwenye nyumba ya kufulia mashuka ya hoteli, nikaomba kazi. Msimamizi, mwanamke mdogo kuliko binti yangu, akaniangalia magoti akaniuliza kama nitaweza kusimama saa saba.

Nikamwambia, "Miaka thelathini na nne nimekuwa mkunga. Nimewahi kusimama saa ishirini nikimngoja mtoto mmoja."

Akanipa aproni siku hiyo hiyo.

Kule ndani mvuke unakulowesha kama umeoga na nguo. Shuka linatoka kwenye mashine likiwa la moto, mnalishika wawili, mnalivuta, mnalikunja mara nne, mnaliweka, mnachukua jingine. Jioni viganja vinakuwa vyekundu. Lakini dawa za Mama hazikukatika hata siku moja, muulize mwenye duka. Nakwambia hili kwa sababu kwenye karatasi yenu mmeandika kwamba Mama anateseka kwa ukaidi wangu. Nani aliyewaambia anateseka? Na wewe unayemwona kila Jumamosi, kwa nini hukuwakatiza?

Sasa nafika kwenye jambo usilolijua. Siku moja, nikiwa kwenye mapumziko ya chai, yule fundi wa mageti akanipigia.

"Mama, kuna mzee kanitafuta kwa namba hii yako ya zamani. Anasema yeye ni kaka wa mwenye akaunti. Ujumbe wa benki ukiingia nimsomee zile tarakimu, naye hatanisahau."

"Anaongeaje, mzee huyo?"

"Anakohoa kabla ya kila sentensi."

Sikuhitaji kuuliza zaidi. Nawe najua huhitaji. Nikamuuliza alimjibu nini.

"Nilimwambia, mzee, mimi kazi yangu ni kutengeneza mageti. Kuyavunja sijasomea."

Nilicheka, Sindano. Nilicheka mpaka mwenzangu wa mashuka akaniuliza kulikoni. Kisha nikaenda chooni nikajifungia nikalia, kwa sababu mtu huyu hanijui sura wala kabila, amenilinda, na aliyetaka kuniingilia ni tumbo moja na mimi.

Sikatai mema yake. Kaka ndiye aliyebeba sanduku langu kichwani siku naenda chuo cha uuguzi, akarudi nyumbani kwa miguu ili nauli yake ibaki kwangu. Sijasahau na sitasahau. Lakini pia sijasahau mwaka niliofiwa na mume wangu. Aliniambia, wewe endelea na msiba, mambo ya karatasi niachie mimi. Nikamwachia. Nilipofuta machozi kiwanja chetu kilikuwa kimezungushiwa ukuta wa mtu mwingine, na nilipouliza nikaambiwa gharama za mazishi zilikuwa kubwa. Nilinyamaza kwa ajili ya Mama. Nimenyamaza miaka tisa. Imetosha.

Jioni ya siku ile fundi aliponipigia, nilimpigia Kaka.

"Kaka, umempigia fundi wa mageti?"

Akakohoa. "Nilikuwa nakurahisishia."

"Kama ulivyonirahisishia kiwanja?"

Akakata simu. Wiki mbili baadaye mkaitwa kikaoni, mkaambiwa dada yenu kazeeka, yuko mbali, mambo ya benki yamemshinda. Sasa unajua kikao kilitoka wapi.

Hayakunishinda. Niliandika barua ya malalamiko makao makuu ya benki, na nakala nikaipeleka kwa mamlaka inayosimamia mabenki. Kila Jumatatu, kwenye mapumziko ya chai, nilipiga simu kuuliza imefikia wapi. Walinipiga danadana, nikawa kila wiki naanza upya kama vile ndiyo kwanza tunafahamiana. Mwishoni mwa Aprili meneja wa tawi mwenyewe akanipigia kwa video, tai imembana shingo, kadi yangu ya saini mkononi.

"Mama, hebu saini tukuone."

Nikasaini mbele ya kamera, karatasi nimeilaza juu ya meza ya kunyooshea nguo, mapacha wananivuta gauni.

"Haifanani, mama."

"Meneja, kadi hiyo niliisaini nina miaka thelathini na mimba ya miezi minane, nimeegemea kaunta yenu. Tangu hapo nimevunjika mkono huu mara moja na nimeandika vyeti vya watoto mpaka vidole vikapinda. Wewe mwandiko wako wa darasa la saba unao bado?"

Nikamwona anabana mdomo asicheke. Nikamwonyesha pasipoti, kitambulisho, barua yangu ya kustaafu. Akasema atalipeleka suala langu juu, nisubiri.

"Nasubiri hapa hapa," nikamwambia. "Bando la binti yangu linaisha mwisho wa mwezi."

Alidhani natania. Nikaweka simu ikiegemea pasi, nikaanza kukunja nguo za watoto huku namwangalia. Baada ya kama robo saa akanyanyua simu ya mezani, nikamsikia akisema, "Mkubwa, huyu mama yuko hai sana." Siku ya tatu akaunti ikafunguliwa, na meneja akanitumia ujumbe kwamba ningewaambia tu mapema, wangenisaidia. Sikumjibu. Kuna majibu ambayo mkunga hayaandiki.

Na sikuishia hapo. Nilifungua akaunti na kuhamishia kila kilichokuwemo benki nyingine ya huko huko nyumbani, inayopokea wateja walio ng'ambo kwa video na pasipoti, na namba ya simu waliyo nayo ni hii yangu ya huku. Nikajaza fomu ya ofisi ya wastaafu ili pensheni iingie kule. Tarehe thelathini na moja Mei imeingia. Kuanzia mwezi huu benki yenyewe inamlipa mwenye duka la dawa na yule dada wa Mama kila tarehe tano, bila kupita mkononi mwa mtu yeyote. Hata mwangu.

Kwenye mashuka bado naenda siku mbili kwa wiki. Hakuna anayenilazimisha. Mshahara ule ni wangu na goti langu.

Hati ya Kaka nairudisha humu humu, safi kama ilivyokuja. Mpe mkononi. Akikuuliza nimesemaje, mwambie nimesema asante kwa kunibebea sanduku, na hapana kwa haya mengine. Akipiga kelele, kelele hazina mhuri.

Wewe sijakukasirikia. Najua ulisaini ukiwa na nguo za watu zinakungoja na mume wa kumpikia, na wenzako wanne wakikuangalia. Lakini nataka nikuulize jambo, na usinijibu kwenye simu. Pesa ya sare za shule unazoshona inaingia kwa nani? Nimesikia mwalimu mkuu anaituma kwenye simu ya Kaka, kwa sababu "wewe hujui mambo ya simu," kisha Kaka anakupa akijisikia. Miaka mingapi sasa? Wewe unayekata kitambaa kwa jicho bila tepu, mambo ya simu yatakushindaje?

Jumatatu ya kwanza baada ya kupata barua hii usifungue kibanda asubuhi. Vaa lile gauni ulilojishonea ukakataa kuliuza. Chukua kitambulisho, chukua picha mbili ndogo, nenda benki yoyote iliyo karibu, kaa kwenye foleni kama watu wote. Usimuage mtu, wala usiombe ruhusa. Ukifika dirishani watakuuliza akaunti ni ya nani. Taja majina yako yote matatu, na useme kwa sauti, nyuma wasikie.

Nisalimie sana Mama, mbusu mikono yote miwili. Msalimie shemeji, wanao wote, na yule mama jirani wa vitumbua na maneno asiyekosa habari. Mwenye duka la dawa mpe shukrani zangu. Kaka naye msalimie. Sijamnunia, nimemkatalia tu. Binti yangu na mapacha wanakusalimu.

Mungu akupe macho ya kuona mbali na karibu, mikono isiyochoka, na usingizi wa mtu asiyedaiwa na yeyote.

Ni mimi dada yako, nikupendaye jana, leo na siku zote,

Mkunga.