Magoti, Picha Yako ya Mwisho Tunayo

Mwaka umezunguka, baba, tangu walipokutoa korongoni wakatuambia umeteleza. Wewe, uteleze? Njia ile ungeipita hata umefumba macho!

Ulikuwa mtu wa watu. Ulipita nyumba kwa nyumba ukiwasihi majirani wasiwauzie walanguzi wa magamba kakakuona, bali wakuambie tu wamemwona wapi. Aliyeleta habari hakuondoka bila chai. Na kila kamera uliyoifunga mtini uliijaribu kwa kutambaa mbele yake, uone kama itampiga picha mnyama wa kimo kile. Ndipo wakakupachika jina la Magoti. Mama akizifua suruali zako alilalamika, "Huyu naye karibu ataota magamba!" Nawe ulicheka mpaka ukakohoa.

Kamera ya mwisho, ile ya karibu na shimo la kakakuona mwenye mtoto, aliifungua binti yako. Umo, baba. Unatambaa, umeitazama kamera, unatabasamu. Nyuma yako yamesimama mabuti, la kushoto limeshonwa kwa waya. Picha inayofuata ni njia tupu.

Polisi wakasema picha haina uso. Haya. Lakini mabuti yale tunayajua, na mwenyewe ni rafiki yako aliyebeba jeneza lako. Bado anakuja kutujulia hali. Anakaa kwenye kiti chako, anauliza kwa upole, "Shemeji, kamera zote zilipatikana?" Halafu siku moja, "Binti asiende msituni peke yake, nitamsindikiza." Tuliogopa, baba, na tunaogopa mpaka leo.

Basi tukafanya kama ulivyokuwa ukifanya, tukapita nyumba kwa nyumba. Picha ile sasa kila jirani anayo. Hakuna anayemgusa wala kumsema. Wanamsalimia, wanamkaribisha, kisha wanamtazama miguu. Akishika njia ya shimoni anakuta majirani wametangulia, wanaokota kuni bila haraka. Kakakuona yupo, na mtoto wake amekua.

Jana rafiki yako alikuja tena kutusalimu. Alikuwa amevaa ndala.

Unakumbukwa na mkeo, binti yako aliyeishika kazi yako, wanao wengine, dada zako, shemeji zako na majirani wote. Hatutakusahau kamwe, Magoti. Wala yeye hatutamsahau.