Kilio cha Mama Tadei

Mbinga Mjini
4 Machi 2024

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Habari za Ngumbo, na mguu wako unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila mvua haituachi tuanike hata kanga.

Naandika kwa sababu simu yako haipokelewi, wiki ya tatu sasa. Mwalimu Nicholaus, aliyekubali kukuletea barua hii, anasema simu umeiviringisha kwenye kitambaa ukaiweka chini ya debe la unga. Sababu nimeisikia. Kile kilio ulichomlilia marehemu kaka Tadei siku ya mazishi kinapigwa kwenye vibanda vya nyimbo vya huko. Mama, nilikirekodi kwa nia njema. Nilimtumia binamu Festo tu, maana alikuwa Mtwara na hakuwahi mazishi. Nadhani ndiye aliyekisambaza. Unamjua alivyo na mdomo, na simu yake ni hivyo hivyo.

Lakini usiumie sana. Kopi haipunguzi kitu. Ukimrushia mtu wimbo kwenye flashi yake, wako unabaki pale pale, mzima. Ndivyo ninavyowaambia wateja kila siku hapa kibandani.

Mwanao,
Perpetua


Ngumbo
21 Machi 2024

Mwanangu Perpetua,

Milele amina, na marahaba. Mguu unauma asubuhi, ukipata jua unatulia. Mama yako mdogo Mariana anakusalimu. Kifua kimemshika tena, amelala kwangu.

Festo alikuja mwenyewe akaapa hapa mlangoni kwamba si yeye. Nilimwamini, kwa sababu hicho kitu nimekisikia. Kabla sijamwita Tadei, mwanamke anasema, "Petu Mziki, stendi ya Mbinga, tunakurushia zote." Ndipo nalia. Katikati ya kilio anasema tena. Sauti ile niliizaa mimi.

Unasema hakipungui. Siku ile, mbele ya jeneza, nilimwambia Tadei kwamba nilimwita mvivu miezi miwili mizima, kumbe figo zilikuwa zinammaliza. Nilimwambia yeye. Wanawake waliokuwepo walinishika mikono, wakasikia, yakaishia pale. Sasa nikienda ziwani kuchota maji, watoto wananiimbia "Mvivu wangu, amka" kwa Kinyasa changu, na mmoja anakata mauno. Siwalaumu. Kilio kimeshawekewa ngoma.

Simu sitaishika. Anayetaka sauti yangu aje anione.

Mama yako


Mbinga Mjini
2 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini mama mdogo anapumua vizuri. Festo hana kosa, ni mimi.

Mwezi wa tisa mwaka jana alikuja mzee kutoka Mbuji, amefiwa na mkewe, anataka nyimbo za maombolezo. Nilizokuwa nazo hazikumgusa. Nikamwekea chako. Alilia pale pale kwenye benchi, nami nikaona fahari, Mungu anisamehe. Wakaja wengine wakiulizia "kile cha yule mama". Kompyuta inaweka jina la duka juu ya kila wimbo. Niliipanga hivyo mwenyewe, ili wenzangu wa stendi wasiniibie nyimbo ambazo na mimi nimeziiba. Ngoma sikuiweka mimi, lakini iliponifikia nilicheka, nikairusha nayo.

Nimekifuta. Naona haya hata kuandika jina langu hapa chini.

Mwanao


Mbinga Mjini
11 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujanijibu, na sikulaumu. Mwalimu ameniambia mguu una nafuu, nimeshukuru.

Nimepita vibanda vyote vya stendi nikiomba wakifute. Wengine walinicheka. Nikaenda mpaka Kitai. Huko kuna Abdulmajid, tuliyekuwa tukibadilishana nyimbo. Alikifuta mbele ya macho yangu, kwa heshima kabisa, kisha akaniuliza, "Dada Petu, miaka sita unarusha nyimbo za watu. Umewahi kufuta wa nani?" Kwenye basi la kurudi dereva akakipiga. Nilimwomba azime, abiria wakalalamika kwamba nawanyima kitu kizuri. Sikuweza kusema kwamba anayelia ni mama yangu, kwa sababu wangeniuliza aliyekiuza ni nani.

Nimeacha kurusha. Nauza vocha na kuchaji simu za watu. Nikusaidieje, Mama? Nataka kuja, lakini nikifika pale njia panda miguu itakataa.

Mwanao,
Perpetua


Ngumbo
8 Julai 2024

Mwanangu Perpetua,

Marahaba. Mimi naendelea. Usipa wameanza kuingia vizuri nyavuni, nimekuanikia kidogo.

Mama yako mdogo Mariana ametutoka, Jumatano iliyopita. Unajua, Mwalimu alikupigia. Hukuja. Acha nikueleze ulichokikosa.

Tulipomtoa ndani nilisimama nimlilie. Ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja, nani mwingine wa kumwita? Nilipofungua tu kinywa, mama mmoja wa jumuiya akanishika bega, kwa upendo kabisa, akasema, "Pumzika, Mama Tadei. Tunacho kwenye flashi." Wakawasha spika.

Watu walilia sana. Sijawahi kuona msiba ulioliliwa vile. Walilia wakimwita Tadei. Jina la duka lako lilipita mara mbili juu ya jeneza la mama yako mdogo, na hakuna aliyeshtuka, wamezoea. Wakati huo mimi nilikuwa nimekaa chini, nimefunga mdomo. Kila neno lililonijia lilikuwa limeshatoka kwenye spika. Nilikuwa na mambo yangu na Mariana, ya utotoni, ya mume aliyemwacha, na niliyatafuta nisiyapate. Basi tukamfukia. Mdogo wangu amezikwa hajaitwa jina.

Nilikasirika na wewe kuanzia Jumatano hadi jana. Leo nimechoka. Na mimi nilimwita mtoto mgonjwa mvivu, kwa hiyo najua kitu hicho kinavyomkaa mtu kifuani.

Njoo Jumamosi. Simu iache huko huko Mbinga. Twende kaburini sisi wawili, nimwite mdogo wangu, nawe uniitikie. Nikikwama, anza wewe.

Mama yako